Tumchangie mbunge wetu ili atusikilize?

"Habari za kazi, mwanasheria. Tunaishi Columbus, Ohio, kwenye nyumba za kupanga ambako umeme hatuununui moja kwa moja kwa shirika la umeme. Kuna kampuni ya katikati inayosoma mita zetu na kutuletea bili. Kila tukilalamika tunaambiwa dawa ni sheria ya jimbo. Kwenye kikao cha jumuiya yetu, mzee mmoja alikumbusha kisa cha yule Spika aliyefungwa kwa fedha za kampuni ya umeme, akasema huku nako ni kulekule, penye udhia penyeza rupia. Akashauri tuchange dola 3,000 tumpe mbunge wetu kwenye kampeni yake, maana kampuni zina washawishi wao, watu wanaolipwa kuwasukuma wabunge, hapa Columbus lilipo bunge la jimbo, na sisi hatuna mtu. Wengi waliafiki. Jumuiya yetu imesajiliwa kama shirika la hisani, na wengi wetu, mimi nikiwemo, tuna kadi ya kijani tu, bado si raia. Naogopa. Je, hiyo si rushwa? Na kama ni rushwa, mbona wenye kampuni wanatoa mchana kweupe?"

Ndugu yangu, naanza na la haraka: hizo dola 3,000 msizitoe. Kama zimeshachangwa, zikae kwa mweka hazina mpaka umalize kusoma hapa. Sababu zipo, na huenda si zile unazozifikiria.

Nikikusoma vizuri, umeuliza maswali mawili. La kwanza ni la sheria: rushwa inaanzia wapi? La pili ndilo linalokuuma: inakuwaje mwenye fedha asikike, wewe usisikike, na hakuna aliyevunja sheria yoyote? Mimi nimekaa miaka mingi nikifuatilia miswada katika bunge la jimbo, na nakwambia hili la pili ndilo linaloumiza watu wengi zaidi. Rushwa ya bahasha ipo, lakini ni nadra. Kinachofanya kazi kila siku ni halali, kimeandikwa kwenye taarifa, na unaweza kukisoma mwenyewe.

Tukichukue kisa cha mzee wenu, maana kinafundisha kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya FirstEnergy yenye makao yake Akron ilikuwa na vinu viwili vya nyuklia kandokando ya Ziwa Erie, Davis-Besse na Perry, chini ya kampuni yake tanzu. Vinu vilikuwa vinaleta hasara, na kampuni ikataka wateja wa jimbo zima wavibebe. Kiasi cha dola milioni 60 kutoka kwa kampuni hiyo na washirika wake kikapitishwa kwenye shirika lililoitwa Generation Now. Lilisajiliwa kama shirika la ustawi wa jamii, aina ambayo haibanwi kuwataja hadharani wanaolichangia. Nyuma yake alikuwepo Larry Householder, mbunge wa jimbo aliyeutaka uspika.

Sasa zitazame hizo fedha zilivyotembea. Watu wengi hudhani zilikwenda kununua kura siku ya muswada. La. Zilianza mwaka mzima kabla, kwa kuchagua nani aingie bungeni. Mwaka 2018 ziligharimia kampeni za wagombea ambao wangemuunga mkono Householder. Januari 2019 akakalia kiti cha Spika. Miezi michache baadaye ukaletwa Muswada wa 6, uliojulikana kama HB6, wa kuvinusuru vile vinu: dola milioni 150 kwa mwaka, zikikatwa senti 85 kwa mwezi kwa kila nyumba, pamoja na ruzuku kwa mitambo miwili ya makaa ya mawe, mmoja wao ukiwa nje ya jimbo, huko Indiana. Waendesha mashtaka waliuthamini muswada huo dola bilioni 1.3. Piga hesabu: kila dola iliyotoka ilitazamia kurudi na wenzake zaidi ya ishirini. Hakuna biashara halali Ohio inayolipa hivyo.

Tarehe 23 Julai 2019 muswada ukapita kwa kura 51 dhidi ya 38, na gavana akautia saini siku hiyohiyo. Wananchi walipoanza kukusanya saini ili waupigie kura ya kuufuta, fedha zilezile zikalipia matangazo ya kuwatisha watu kwamba Wachina wanakuja kuuteka umeme wa Ohio, zikalipia pia watu wa kuwafuatafuata wakusanya saini barabarani na kuwakwamisha. Saini hazikutimia. Householder alikamatwa Julai 2020, akafukuzwa bungeni Juni 2021, akatiwa hatiani Machi 2023, na Juni mwaka huohuo akahukumiwa miaka 20. Matt Borges, mshawishi aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha Republican jimboni, alipata miaka mitano. Kampuni yenyewe ilikiri makosa mwaka 2021 na kulipa dola milioni 230 ili isiendelee kushtakiwa. Ilikiri pia kwamba ilimlipa dola milioni 4.3 mtu aliyekuwa karibu kuteuliwa mwenyekiti wa tume ya jimbo inayosimamia bei za umeme. Nalitaja hili kwa sababu ndiyo tume ambayo mteja wa umeme wa Ohio huambiwa akalalamike.

Lakini zirudie zile kura 51. Kati ya wabunge wote waliosema ndiyo, aliyeshtakiwa ni mmoja, Spika. Waliobaki hawakuvunja sheria, na siwatuhumu. Wapo walioamini kwa dhati kwamba vinu vile vina ajira za watu na havitoi moshi. Wengine walikuwa wamesaidiwa kupata viti vyao, wakajua nani ana kamati mkononi na nani anaweza kuizika miswada yao midogo ya nyumbani. Hakuna aliyehitaji kuwaambia kitu. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliokulisha jana huna haja ya kukumbushwa.

Hapo ndipo ninapotaka mzee wenu anielewe. Fedha za washawishi katika mabunge ya majimbo mara chache hununua kura. Hununua mlango kufunguliwa, simu kupokelewa siku ileile. Zaidi ya yote hununua ukimya. Muswada usiotakiwa na wenye fedha haupigiwi kura ya hapana. Hauitwi tu. Unakaa kamatini miaka miwili, kipindi cha bunge kinaisha, nao unakufa bila mtu hata mmoja kulazimika kusimama na kuupinga. Ohio imewahi kuletewa miswada ya kuzibana hizi kampuni za katikati zinazouza umeme kwa wapangaji, tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita, ikafia njiani. Nani alifanya nini katika kila mmoja siwezi kudai. Ila ukitafuta kumbukumbu ya kura ili umwajibishe mbunge wako, hutaikuta, kwa sababu kura haikupigwa.

Na kwa nini wabunge wa majimbo ndio laini zaidi kuliko wale wa Washington? Kwa sababu kazi ni kubwa na vitendea kazi ni vichache. New Hampshire humlipa mbunge wake dola 100 kwa mwaka. Texas dola 7,200 na posho. Ohio inalipa mshahara wa kueleweka, lakini katiba yake inamtaka mbunge aondoke kwenye kiti baada ya miaka minane mfululizo, kwa hiyo ndani ya jengo lile mtu mwenye kumbukumbu ndefu mara nyingi ni mshawishi. Yeye yupo tangu maspika watano waliopita, anajua kifungu gani kilibadilishwa lini. Mbunge mgeni mwenye wasaidizi wawili na miswada mia anamhitaji kama mwanafunzi anavyohitaji daftari la mwenzake.

Niliwahi kukaa safu ya nyuma katika chumba cha kamati, muswada wa huduma fulani ukijadiliwa. Mama mmoja mpangaji alikuwa amesubiri tangu asubuhi na mtoto mgongoni. Alipopewa zamu aliongea dakika tatu, sauti ikitetemeka, akakunja karatasi yake akakaa. Kisha mbunge mmoja akauliza swali la kitaalamu kuhusu kifungu cha muswada. Mbunge aliyeuleta muswada hakugeuka kwa msaidizi wake aliyekaa nyuma yake. Aligeuza macho safu ya tatu, kwa bwana mwenye faili nene lenye vijialama vya rangi pembeni. Yule bwana akatikisa kichwa taratibu, na mbunge akajibu: "Hapana, hicho hakihusiki." Hakuna senti iliyopita mkono kwa mkono mle ndani. Lakini mimi nilijua nani ametunga sheria siku ile, na nadhani yule mama naye alijua.

Usinielewe vibaya nikakufanya uchukie kila mshawishi. Kuiomba serikali iondoe kero ni haki iliyoandikwa katika Katiba ya Marekani tangu 1791, na wauguzi, vyuo, makanisa, miji na mashirika ya wakimbizi wote wana washawishi. Baadhi yao wameokoa watu. Wala usidhani ni ugonjwa wa chama kimoja. Householder ni wa Republican. Kule Illinois, Michael Madigan wa Democrat, aliyekuwa Spika kwa miongo zaidi ya mitatu, alihukumiwa miaka saba na nusu mwaka 2025, na humo pia ilikuwemo kampuni ya umeme, iliyowapa washirika wake ajira na mikataba. Umeme unajirudia kwa sababu rahisi: bei zake hupangwa kwa sheria na tume, na kila nyumba hulipa. Senti chache kwa kila mtu hazimtoi mtu nyumbani kwenda kuandamana, ilhali zikikusanywa ni mlima kwa anayezipokea.

Sasa rushwa inaanzia wapi? Kisheria, kwenye nipe nikupe. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mbunge wa jimbo la West Virginia, ilisema mchango wa kampeni huwa kosa la kulazimisha fedha pale tu kunapokuwa na ahadi ya wazi: wewe toa, mimi nitafanya hiki. Mtu akitoa mchango leo na kuomba jambo wiki ijayo, bila ahadi inayoyaunganisha, hana kosa. Juni 2024 mahakama hiyo ikaenda mbali zaidi. Katika kesi ya meya mmoja wa Indiana aliyepokea dola 13,000 kutoka kwa kampuni iliyoshinda zabuni za malori ya taka, ilisema ile sheria ya shirikisho ya rushwa inayowahusu viongozi wa majimbo na miji haigusi zawadi ya shukrani inayotolewa baada ya kazi, kama hapakuwa na makubaliano kabla. Asante ya baadaye imeachwa kwa sheria za kila jimbo.

Wenzangu mliotoka Tanzania mtaukumbuka mjadala wa takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilimruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa desturi, na mahakama ikaitupa mwaka 2006, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha ukarimu unaishia wapi na hongo inaanzia wapi. Mimi naamini majaji wale waliliona jambo ambalo Washington imelikataa.

Kwa hiyo swali lako, "mbona wanatoa mchana kweupe?", jibu lake ni kwamba wanatoa mchana kweupe kwa sababu wana mawakili wanaojua mstari ulipo, nao hutembea pembeni yake bila kuukanyaga. Ninyi hamna wakili huyo, na hapa ndipo woga wako unapokuwa wa busara.

Kwanza, jumuiya yenu. Kama imesajiliwa kwa kodi kama shirika la hisani, hairuhusiwi kabisa kumchangia mgombea, hata dola moja, hata tiketi ya chakula cha harambee yake. Adhabu yake inaweza kuwa kupoteza usajili huo. Hata tangazo la kumuunga mkono kwenye kundi rasmi la WhatsApp la jumuiya ni hatari.

Pili, kadi ya kijani. Sheria ya shirikisho humruhusu mkaazi wa kudumu kuchangia kampeni. Lakini mwaka 2024 Ohio ilipitisha sheria yake dhidi ya fedha za wageni katika kampeni, ikawaingiza na wenye kadi ya kijani. Jaji wa shirikisho akaizuia sehemu hiyo, kisha mahakama ya rufaa ikakiondoa kizuizi wakati kesi ikiendelea. Mtu anayesubiri uraia hapaswi kuweka jina lake kwenye jambo linalobishaniwa hivyo. Usitoe chochote kabla ya kukaa ana kwa ana na mwanasheria wa Ohio anayejua mambo ya uchaguzi na ya uhamiaji pia. Na ikiwa mtu atawaambia "basi mpeni binamu yenu aliye raia, atoe kwa jina lake", huyo anawapeleka pabaya. Kutoa fedha za mtu mwingine kwa jina lako ni kosa lenyewe, na ni rahisi kulithibitisha kuliko rushwa.

Tatu, hata kama ingekuwa halali, dola 3,000 zingewanunulia nini? Kwa mtu anayepokea kwa makumi ya maelfu, ni kadi ya shukrani yenye saini ya mashine. Mngekuwa mmeingia mchezo wa wenye fedha mkiwa na kitu kimoja ambacho wao wanacho kingi.

Mlicho nacho ninyi ni bili. Nasema bila kukupamba: mshawishi mwenye faili la rangi hawezi kuleta mpangaji anayeishi ndani ya eneo la mbunge, mwenye karatasi mkononi inayoonyesha ametozwa ada ambazo jirani yake wa ng'ambo ya barabara, anayenunua kwa shirika la umeme, hatozwi. Hicho hakiuzwi. Tena haki ya kumwandikia mbunge, kuingia ofisini kwake na kutoa ushahidi kwenye kamati si ya raia peke yao. Wewe mwenye kadi ya kijani unayo kamili. (Kupiga kura ndiko usikoruhusiwa, usijaribu, hata ukikuta fomu ya kujiandikisha kupiga kura inajazwa kwa bahati mbaya ofisi ya leseni za udereva.) Jumuiya ya hisani nayo inaruhusiwa kuzungumzia miswada kwa kiasi, na kuna fomu ya mamlaka ya kodi inayokipa kiasi hicho kipimo kinachojulikana, asilimia 20 ya matumizi kwa shirika dogo kama lenu. Mwombeni mhasibu wa mashirika ya hisani awajazie. Hilo si la kubahatisha.

Nendeni mapema. Ohio kwa kawaida husikiliza mwenye muswada kwanza, kisha wanaouunga mkono, kisha wanaoupinga. Ukifika siku ya mwisho, maneno yameshakauka. Ushahidi wa maandishi hutumwa kwa ofisi ya mwenyekiti wa kamati, mara nyingi siku moja kabla, na hubaki kwenye kumbukumbu. Usijilaumu kwa lafudhi ya Kiingereza chako. Andikeni, na mmoja wenu asome. Tafuteni pia wenzenu, maana wapangaji wa Kisomali, wa Kinepali na Wamarekani wenyewe mnabanwa na mita zilezile. Ipo ofisi ya jimbo ya kuwatetea watumiaji wa umeme majumbani, ambayo iliupinga HB6 mapema. Pigeni hodi pale. Kwa bili iliyokwisha kukuumiza leo, au ukitishiwa kukatiwa umeme, usingoje sheria: nenda kwenye msaada wa kisheria wa bure na mkataba wako wa pango.

Na chunguzeni. Michango ya kampeni za Ohio imewekwa wazi kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo, na washawishi hutakiwa kujiandikisha na kutoa taarifa mara tatu kwa mwaka. Kijana mmoja wa jumuiya mwenye subira anaweza kwa jioni mbili kuorodhesha nani amemchangia mbunge wenu katika mambo ya umeme na nyumba. Mkikaa naye, msimtuhumu. Mwulizeni tu kama atauomba uongozi wa kamati uitishe kikao kuhusu mita za wapangaji, na andikeni alichojibu na tarehe. Mmelitoa jambo kwenye ukimya, na ukimya ndio uliokuwa umelipiwa.

Je, mambo hubadilika? Polepole, na si kwa kifungo peke yake. Householder alikuwa tayari gerezani, na wateja wa Ohio bado walikuwa wakilipia ile mitambo ya makaa. Ruzuku ya nyuklia ilifutwa 2021, ya makaa ikaendelea hadi sheria ya 2025. Kentucky, jirani zenu wa kusini, baada ya uchunguzi wa FBI wa miaka ya mwanzo ya 1990 kuwatia hatiani wabunge zaidi ya kumi akiwemo Spika wao, iliandika sheria ya maadili inayomkataza mshawishi kumchangia mbunge kampeni. Ohio haijafanya hivyo. Mimi ningependa kuiona ikifanya.

Limebaki moja, na ni zito. Ikitokea mbunge, msaidizi wake au mtu anayejidai kumsemea akawaambia, kwa maneno au kwa kuzungukazunguka, kwamba jambo lenu litasogea mkitoa kitu, msijibu ndiyo wala hapana, na msibishane naye. Ondokeni, andikeni aliyoyasema, lini, wapi na mbele ya nani, kisha siku hiyohiyo muoneni mwanasheria awapeleke FBI. Kisa cha HB6 kilipata nguvu kwa sababu mtu aliyekuwa upande wa wakusanya saini alifuatwa na Borges akapewa dola 15,000 ili atoe siri za kampeni yao, naye akawa ameshawaambia wapelelezi.

Mzee wenu mpeni salamu zangu na heshima. Mwambieni hizo dola 3,000 zinatosha kumlipa mkalimani, kukodi basi kwenda Statehouse, jengo la bunge la jimbo, na kuwalipia akina mama malezi ya watoto kwa siku ya kikao. Kila nyumba ilete bili za miezi kumi na miwili, namba ya akaunti ikiwa imefutwa kwa wino, na karatasi moja ya jirani anayenunua umeme kwa shirika lenyewe, mwezi uleule, vyumba vilevile.